Fomu ya Boma la Arobaini na Tatu

Nimerudi jana kutoka Olbalbal na vumbi lake bado limo masikioni. Tulikwenda kumzika Saning'o. Kwa kweli walimzika wao, sisi tuliotoka Karatu tulisimama pembeni na viatu vyetu vya kanisani tukisubiri kuambiwa la kufanya. Magoti yananiuma, kiuno kinaniuma, na kuna jambo mjane wake aliniambia ambalo limeninyima raha tangu nilipopanda gari kurudi. Nitalifikia. Kwanza sina budi kuusimulia mwaka ule, maana bila mwaka ule maneno ya mama yule hayamhusu mtu mwingine yeyote duniani ila mimi, nami nimechoka kuyabeba peke yangu.

Ulikuwa mwaka wa ukame, katikati ya miaka ya themanini, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na cheti cha kupiga taipu. Siku hizo mwenye cheti cha taipu pale Karatu alikuwa mtu wa kusalimiwa kwanza. Nilipata kazi katika mradi wa utafiti uliopanga nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la kahawa, juu kidogo ya mji, upande ambao ukungu wa Juni huingia mpaka mezani. Mradi ulikuwa unaorodhesha watu na mifugo ya nyika kavu chini ya milima ya kreta, boma kwa boma, ili ijulikane bomba la maji lipite wapi. Chumba cha kulia cha meneja ndicho kilichowekwa kompyuta. Bado nakiona: meko ya mawe iliyozibwa kwa bati ili masizi yasimwagike, mapazia ya kijani yaliyofifia, ramani kubwa ukutani, na juu ya meza ya mninga mashine yenye skrini mbili, moja yangu na moja ya Hamisi. Nje, chini ya kibanda cha mabanzi, jenereta ilinguruma kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Dizeli ilikuwa ya kugombania, na siku nyingine haikunguruma kabisa, tukakaa tumejifunga vitenge na makoti tukiitazama mashine ikiwa baridi.

Hamisi Mghenyi ndiye aliyeijua mashine. Baba yake alitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye shamba lile lile, na sasa mtoto wa kibarua alikuwa analala chumba cha meneja, jambo ambalo wazee wa kambini hawakuchoka kumtania. Alisomeshwa ng'ambo mambo ya kompyuta, akarudi na koti moja zito na tabia ya kuacha chai nusu kikombe. Mkuu wetu, mtaalamu wa kizungu, alikuwa amekwenda kwao likizo, na neno kuu la siri la mashine alikwenda nalo kichwani. Mimi na Hamisi kila mmoja alikuwa na jina lake na neno lake dogo, na kila nilichofanya kwenye mashine kilikuwa chini ya jina langu, Basilisa. Sikulitia maanani. Nilidhani ni namna ya kujua nani amechelewa kazini.

Tulikula jikoni, kwa Mama Selina, mpishi wetu kutoka Mbulu, kwa sababu kulikuwa ndiko pekee kwenye joto. Makande mchana, makande jioni, na chai ya sukari guru iliyoacha mchanga chini ya kikombe. Mama Selina alituongelesha Kiswahili akitaka tumjibu, na Kiiraqw akitaka tunyamaze. Ilikuwa miaka ya kukosa kila kitu: sabuni, betri, viberiti, na zaidi ya vyote karatasi. Fomu za mradi zilichapwa mara moja tu, hazikupatikana tena. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Waliokwenda nyikani walijaza fomu kwa penseli. Mimi niliingiza habari kwenye mashine, halafu nikaifuta fomu, ikawa nyeupe tena, ikapelekwa kijiji kingine. Raba za dukani zilikuwa hadithi. Nilifutia kipande cha ndala ya bluu iliyokatika, na jioni paja langu lilijaa unga wa ndala na penseli. Nilijivunia sana kufuta kwangu. Hamisi alisema fomu zangu zinatoka safi kuliko zilivyoingia.

Saning'o alikuwa mmoja wa waliokwenda nyikani. Alikuwa kijana wa Olbalbal, amesoma mpaka darasa la saba, mrefu, mpole, mwenye kucheka baada ya wengine kumaliza kucheka. Alitembea siku ishirini na sita kuorodhesha maboma arobaini na matatu, na la mwisho lilikuwa la mama yake, ambamo mkewe na watoto wake walikuwa wanaishi. Jumamosi aliyotuletea fomu alikaa kwenye kigoda karibu na moto, shuka lake limekauka kwa vumbi, akanywa vikombe vitatu vya chai. Mama Selina alimuuliza kama watu walimpa shida.

"Watu wetu hawapendi kuhesabiwa, mama," alisema. "Ng'ombe, hapana. Watoto ndiyo kabisa. Ukisema kwa mdomo watoto wa mtu wako wangapi, ni kama unawatafutia kitu kibaya."

"Sasa wewe uliwahesabuje? Kwa pua?"

Saning'o alicheka, akachelewa kama kawaida yake. Akatueleza njia aliyoitunga mwenyewe. Ng'ombe aliwatazama wakiingia zizini jioni. Kwa watoto, alimpa mama wa nyumba mfuko wa kokoto, mama akaweka kokoto mkononi mwake bila kusema neno, yeye akaandika, akazirudisha. Hakuna aliyetaja namba. Kilichoandikwa kiliandikwa kimyakimya.

"Na wamekubali kwa neno moja tu," alisema. "Mara moja. Niliwaambia mtaulizwa mara moja, hakuna mtu atarudi. Mama yangu mwenyewe ndiye aliniambia, ukija na huo mfuko mara ya pili, usiingie kwangu."

"Hakuna atakayerudi," nilimwambia. Nililitamka kwa urahisi, kijiko kiko mdomoni. Alipumzika siku moja, akarudi kwao, akaagizwa aje tena baada ya wiki mbili.

Dizeli ikakosekana siku tisa. Ilipopatikana, ilikuwa Jumanne jioni, kidogo, na Alhamisi asubuhi gari lilikuwa linaondoka kwenda Samunge likihitaji fomu nyeupe. Jumatano basi nikaketi saa moja kamili na fomu za Olbalbal. Nilikuwa mwepesi wa vidole. Nilipiga boma moja, nikabonyeza kitufe kikubwa, skrini ikanionyesha kwamba habari imepokewa na kunipa nafasi ya boma jingine, nami nikachukua ndala nikafuta fomu. Boma, kitufe, ndala. Mbele ya macho yangu yote yalikuwa yameandikwa. Hakuna aliyeniambia kwamba kitufe kile kiliyaweka tu kwenye kumbukumbu ya mashine, inayoishi kwa umeme, na kwamba hayangefika kwenye diski, mahali pa kudumu, mpaka mwisho nitoe amri ya kuhifadhi. Au niliambiwa siku ya kwanza, nikiwa nashangaa skrini. Sasa hivi siwezi kuapa. Saa nane mchana nilikuwa nimemaliza yote arobaini na matatu na rundo la fomu nyeupe lilikuwa limepangwa kama shuka za hospitali. Nikatoa amri ya kuhifadhi. Mashine ikakoroma kidogo, ikaandika kwamba diski imejaa, ikaandika tena, na tena, halafu ikaganda. Nilibonyeza kila kitufe nilichokijua. Nikanyoosha mkono kwenye swichi niizime na kuiwasha upya.

"Binti! Toa mkono hapo." Hamisi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile wala baada yake. Akaja taratibu, akasoma skrini, akatazama rundo. "Fomu za Olbalbal ziko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Akachukua ya juu, akaigeuza, akaiweka chini. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivuta kiti, akakaa kwa uchovu, akasema programu yangu haijafa, imekwama, na maadamu haijafa kumbukumbu yake ipo, na vilivyomo ndani yake vipo. Jenereta ilikuwa na dizeli ya kufika saa kumi na mbili, pengine isifike. Akajaribu kuichungulia programu kutoka kwenye skrini yake, kwa jina lake. Mashine ikamkatalia. Akajaribu kwa njia nyingine, ikamkatalia.

"Siyo yangu," alisema. "Wewe ndiye uliyeianzisha. Mkuu angeweza, lakini yuko kwao anakula jibini. Njoo ukae hapa, ingia kwa jina lako."

"Mimi siwezi, Bwana Hamisi."

"Mimi ndiye nisiyeweza. Wewe unaruhusiwa."

Nikakaa kwenye kiti chake, bado kina joto. Aliniagiza niandike amri moja, na skrini ikatoa mistari mitano ya namba. Mpaka leo naweza kuwaeleza watu mistari ile, ingawa hakuna anayeniuliza. Programu inapokuwa hai, alisema Hamisi, mashine huipa eneo lake la kumbukumbu, na eneo lile halitumiki lote kwa namna moja. Limekatwa vipande. Kila mstari ulikuwa kipande: namba ya kinapoanzia, namba ya kinapoishia, na alama tatu za ruhusa, ya kusoma, ya kuandika na ya kutekeleza. Penye kistari hapana ruhusa. Kipande cha kwanza kilikuwa maagizo ya programu yenyewe: kusomwa ndiyo, kutekelezwa ndiyo, kuandikwa hapana, ili programu isije ikajiharibu kwa mkono wake. Cha pili kilikuwa maneno yasiyobadilika, kama yale "Jina la mkuu wa boma" niliyoyaona kila mara kwenye skrini: hicho ni kusomwa tu. Cha tatu kilisomwa na kuandikwa, na ndimo alimodhani maboma yangu yamo. Cha nne kilikuwa akiba ya kazi za baadaye. Cha tano, mbali kabisa mwishoni, kilishika hatua ambazo programu ilikuwa katikati yake ilipokwama. Kati ya kipande na kipande palikuwa na mapengo mapana yasiyo ya mtu, na programu ikikanyaga humo, au ikiandika pasipoandikwa, mashine huiua papo hapo.

Chombo tulichotumia kuchungulia kilikuwa na amri mbili zilizofanana, moja ya kusoma na moja ya kubadilisha, tofauti yao alama moja. "Ukikosea hiyo alama," alisema, "utaandika juu yao kwa mkono wako." Nilikuwa nimekwisha kuwafuta mara moja siku ile, kwa hiyo alinielewa nilipokaa dakika nzima bila kubonyeza kitu. Kisha nikabonyeza. Skrini ikajaa takataka. Nikasogea mbele, namba kwa namba, takataka, takataka, halafu ghafla katikati yake jina la mzee ninayemjua kutoka kwenye fomu ya kwanza, limebanana na tarakimu bila nafasi hata moja. Nililia. Hamisi alichukua fomu nyeupe na penseli, akaniambia nilie nikisoma.

Basi nikawa nasogeza na kusoma kwa sauti, yeye akiandika. Jina, wanawake, watoto, ng'ombe, mbuzi, maji wanachota wapi. Mama Selina alileta makande, akayaondoa yamepoa, akaleta chai. Tulikuwa tumefika boma la kumi na tisa au la ishirini, natangaza watoto saba, watoto watano, kama karani wa mnada, nilipohisi mtu mlangoni. Alikuwa Saning'o. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi hadi magotini. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani.

"Mnasema kwa mdomo," alisema.

Nilisimama nikaanza kueleza, nikaeleza vibaya, nikarudia. Ndala, diski, umeme, nilichanganya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama fomu nyeupe, akapitisha kidole juu ya moja yao, halafu akauliza swali moja tu, kama itabidi watu waulizwe tena. Hamisi akamjibu haitabidi, kama jenereta itatusaidia. Akamwonyesha ile mistari mitano, pengine ili kumtuliza, pengine kwa sababu alijua kutuliza watu kwa njia hiyo tu. Saning'o aliinama akaitazama sana.

"Ni kama kwetu," alisema mwishoni, akielekeza kidevu kwenye ramani ya ukutani. "Iko pahali pa kulisha. Iko pahali pa kupitisha ng'ombe wakalambe chumvi, lakini kulala hapana. Na jembe, kwa sheria ya hifadhi, hakuna pahali." Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa pili. "Hii umesema ni ya kusoma tu. Nani anaweza kufuta?"

"Hakuna."

"Hata mkubwa yule?"

"Hata programu yenyewe haiwezi, Saning'o. Ikijaribu inakufa."

Akatikisa kichwa polepole, akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na meko iliyozibwa. Sisi tukaendelea, safari hii kimya. Mimi nilisogeza, Hamisi aliegemea begani kwangu akasoma kwa macho na kuandika. Saa zilikwenda. Nilikuwa na hofu ya jenereta, hofu ya ile alama moja, na aibu iliyonichoma kila nilipomwona Saning'o kwa pembe ya jicho. Ningeweza kumuuliza habari za nyumbani. Ningeweza kumuuliza kwa nini amekuja Jumatano wakati tulimtarajia Jumamosi. Sikuuliza. Nimerudia saa zile mara nyingi tangu jana, na kila mara natafuta mahali ambapo ningegeuza kichwa na kusema, Saning'o, kwema huko?

Tulifika boma la thelathini na tisa, na baada ya hapo hapakuwa na kitu. Maneno ya kosa, yale ya kwamba diski imejaa, yalikuwa yamejirudia na kuandikwa juu ya maboma manne ya mwisho. Kipande kile kiliruhusu kuandikwa, na programu ilipochanganyikiwa iliandika. Hamisi alipitia mbele na nyuma mara tatu, akavua miwani. Kwa sauti ya chini, akidhani Saning'o hasikii, alisema tunaweza kuyakisia manne, tutazame majirani zao, nani atajua. Nami, Mungu anisamehe, nilikwisha kuitikia. Nilikuwa nimechoka mno.

Saning'o akainuka. "Hayo manne ninayo," alisema.

"Basi tutajie," nikasema haraka.

"Sitaji, dada Basilisa. Waliniruhusu kuandika. Kusema hawakuniruhusu." Akanyoosha mkono apewe penseli.

Alikalia kiti changu mbele ya skrini iliyoganda, akaandika fomu ya arobaini, ya arobaini na moja, ya arobaini na mbili, bila kusita, kwa mwandiko wake wa shuleni uliosimama wima. Ya arobaini na tatu ilikuwa ya boma la mama yake, kwenye karatasi aliyoitafuta kwa kidole katika rundo. Aliandika jina. Aliandika wanawake. Halafu penseli ikasimama. Hamisi alikuwa amekwenda kupima dizeli kwa kijiti, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Saning'o nikiangalia mlango, nikisikiliza jenereta ikianza kukohoa, na moyoni namhimiza, andika, andika basi, kaka yangu, umesahau watoto wako mwenyewe? Akaandika namba. Aliikandamiza mpaka ncha ya penseli ikavunjika, akaichonga kwa kisu chake, akamaliza ng'ombe na mbuzi na maji. Jenereta ilizimika kabla hatujawasha taa, na skrini zote mbili zikafa pamoja na vyote vilivyokuwa ndani yake. Haikuwa na neno tena. Yote yalikuwa kwenye karatasi.

Alipokuwa anaondoka alinishika mkono na kunipa ile fomu ya mwisho peke yake. "Hii moja usifute, dada," alisema.

Hilo ndilo lililoniuma kwa miaka yote. Nililichukua kama karipio, la upole kama yeye mwenyewe, lakini karipio. Nilidhani alikuwa ananiambia kwamba mashine yangu na mimi mwenyewe hatuaminiki. Wiki iliyofuata Hamisi alisafisha diski, nikaingiza maboma yote upya, nikihifadhi kila baada ya boma moja kama mtu anayefunga mlango na kurudi kuujaribu. Nikafuta fomu arobaini na mbili, ya arobaini na tatu nikaiweka ndani ya kitabu changu cha sala. Orodha ilikwenda Arusha. Bomba lilifika Olbalbal, likatoa maji miaka kadhaa, likakauka, likatengenezwa, likakauka tena. Jana nililiona birika lake la saruji, mbuzi wawili wamelala kivulini mwake. Mradi uliisha, Hamisi alihamia Dodoma akafia huko, na mashine ilibebwa nyuma ya lori pamoja na mabati chakavu. Nilikuwapo. Mmoja wa wapakizi alikuwa ameikalia.

Jana baada ya maziko mama Lemayian, mjane wa Saning'o, aliniita nikae naye. Tunalingana umri. Tulikaa juu ya ngozi ndani ya nyumba yake, moshi ukitutoa machozi yasiyohusika na msiba, akanipa chai ya maziwa matupu. Nilitaka anisamehe kwa niaba ya mtu aliyekufa, jambo la kijinga. Nikaanza kusema kwamba zamani nilimkosea mume wake, kuhusu zile fomu.

"Naijua hiyo siku," alisema. "Alikuja kwenu kuomba ruhusa."

"Ruhusa gani?"

"Ya kukaa nyumbani. Tulikuwa tumepoteza mtoto. Mdogo, wa kike. Kifua." Alisema bila kunitazama, na jina hakulitaja. "Siku ya nne tangu amekufa, akaenda Karatu kwa miguu awaambie. Akarudi, hakuwaambia."

Kikombe kiliniunguza vidole na sikukiweka chini.

"Mimi nilimgombeza sana," akaendelea. "Ni yeye alileta mfuko wa kokoto. Niliweka kokoto yake kwa mkono yangu. Nikamwambia umehesabu mtoto, sasa ona. Akaniambia hapana. Akaniambia kule kwa mashine yuko. Iko pahali pa kusoma tu, hakuna mtu anaweza kufuta, hata mkubwa. Akasema nimemuandika mwenyewe." Hapo ndipo aliponitazama. "Wewe ulikuwa unafanya kazi na hiyo mashine. Bado yuko?"

Nimewahi kuwafundisha vijana wengi tangu wakati ule, nami najua kipande gani ni kipi. Mtoto yule hakuwahi kuwa kwenye kipande cha kusomwa tu. Alikuwa kwenye kile kinachoandikwa, pamoja na mbuzi na ng'ombe, na maneno ya diski yalikuwa yameshapita juu yake kabla baba yake hajaingia mlangoni. Nilijiuliza, kwa sekunde moja, kama Saning'o alielewa vibaya. Sidhani. Nadhani alielewa vizuri kuliko mimi, akamchagulia mkewe kipande kilichomfaa.

"Yuko," nilimjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akaniongezea chai.

Leo asubuhi nimetoa kitabu cha sala kabatini. Fomu imekuwa ya manjano na pembe moja imeliwa na mende. Jina la mama wa Saning'o, wanawake, halafu watoto: watano, wameandikwa kwa nguvu mpaka karatasi imebonyea. Nikaisogeza dirishani, nikaiinamisha kwenye mwanga, na chini ya tano hiyo nikaiona nyingine, imefifia, haina rangi, ni mfereji tu ulioachwa na penseli yake ya kwanza, ile niliyoifuta kwa ndala mchana ule nikijisifu. Hazilingani sawasawa. Moja imekaa juu kidogo ya mwenzake. Aliwaandika wote watano, akawaandika tena walipokuwa wamebaki wanne, na yeye ndiye aliyewaahidi watu kwamba itakuwa mara moja tu.